Ombi la Kufuta Programu Inayonikataza Kurudi Kuangalia Kufuli

Katuba, Lubumbashi
Ijumaa

Ndugu Wasimamizi wa programu ya Tulia,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, na milango yenu imefungwa. Naitwa Kangwa Michée, mwalimu mstaafu wa hesabu. Tangu miaka kumi na tisa nina ugonjwa ambao madaktari wanauita TOC: nikifunga kufuli, kichwa kinaniambia sikufunga, nikizima mbabula, jiko letu la makaa, kichwa kinanionyesha nyumba inawaka. Basi narudi kuangalia, halafu narudi tena. Mama Annie, mwanasaikolojia wa kituo chetu cha afya, aliweka programu yenu katika simu yangu ili inisaidie kwenye mazoezi anayonipa. Naomba kwa heshima zote muifute, kwa sababu hizi.

1. Inafundisha uzembe. Hamu ya kurudi ikinishika, nabonyeza kitufe. Inaniuliza hofu yangu ni ngapi kati ya sifuri na kumi, kisha inaniamuru ningoje dakika kumi bila kurudi. Nilijibu kumi na nne, ikakataa. Nimefundisha hesabu miaka thelathini, leo simu inanisahihishia jibu. Mbaya zaidi, dakika zikiisha hofu imeshuka mpaka nne na nyumba haijaungua, jambo linalonifanya nionekane mwongo.

2. Haina huruma. Nilibuni njia yangu ya kupiga picha za kufuli niziangalie njiani, picha mia nne na kumi na mbili tu, bila kumsumbua mtu. Mama Annie akasema hiyo nayo ni kuangalia. Sasa kila siku nisiyopiga picha programu inanipongeza kwa sauti, hata nikiwa kanisani.

3. Inavunja desturi. Binti yetu Mapalo aliolewa Kasenga. Miezi saba iliyopita alizaa mtoto wa kiume, wakampa jina langu, na mke wangu Estelle yuko huko tangu siku ile akimsaidia. Mimi nimeondoka kwenda kumbeba mjukuu mara kumi na moja. Kila mara majirani wa avenu nzima wanapika, tunakula bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, wananibebesha mizigo ya mzazi na kunifikisha kwenye basi wakiimba. Kila mara nashuka njiani nirudi kwa kufuli. Safari ya sita nilifika kilomita arobaini, nikarudi kwa pikipiki nimekumbatia kuku aliye hai. Na kwa kuwa anayetoka safari hupokewa kwa chakula, tunakula tena. Jumla ni karamu ishirini na mbili. Jirani yangu Mama Kapinga aliniuliza bila kuficha: "Papa Michée, ukipona, siye tutakula wapi?" Swali hilo nawaletea nyinyi. Mna jibu?

3. Ndiyo, namba tatu imejirudia, nimeiona. Zoezi langu la wiki hii ni kuandika barua bila kuisahihisha, na mkono unaniwasha kama nimeshika upupu. Hili peke yake linatosha kuwafikisha mahakamani.

4. Inahatarisha taifa. Leo mimi naacha kurudi, kesho jirani, keshokutwa walinzi wa benki. Nchi ambayo kila mtu anaamini mlango wake umefungwa itaendeshwa na nani, kama si wezi?

5. Haijakamilika. Juzi Mapalo alinipigia simu akasema: "Papa, mutoto iko na meno mbili, na yeye hayakuona wewe bado." Tangu hapo nina hofu nyingine, kwamba mtoto huyu atanijua kwa sauti ya simu tu, na hofu hii nimeitafutia kitufe katika programu yenu nzima bila kukiona. Nililia sana. Kisha nikanawa uso, mara moja tu, mtu asije akasema sijitahidi.

Kwa hiyo naomba muifute kabla ya kesho asubuhi, ambapo naondoka kwa mara ya kumi na mbili. Sombe imeshatwangwa. Mkichelewa, kuna hatari kubwa ya mimi kufika.

Pokeeni heshima zangu, na salamu kwa wake, waume na watoto wenu, kwa mlinzi wa ofisi, na kwa yule mwenye sauti ya pongezi, ambaye nimemsamehe.

Wenu mtiifu,
Kangwa Michée

P.S. Barua ilibaki mfukoni, naituma kutoka Kasenga. Njiani nilibonyeza kitufe mara tisa. Kama nilifunga mlango au sikufunga, kwa kweli sijui. Simu iko mezani, hatua mbili tu, na ningeweza kumpigia Mama Kapinga aniangalizie. Lakini mtoto amelala juu ya mkono wangu wa kuume, naandika kwa wa kushoto, na nikiinuka ataamka. Msifute kitu.