Mkeka Kwenye Stesheni Mpya

Jumanne, 12 Machi

Siku ya kwanza ya majaribio ya treni. Nimesimama kwa saa tisa. Nimesema "Tafadhali simama kushoto, pita kulia" mara mia nne na kumi na mbili. Nilihesabu ili nisilie.

Watu hawasimami kushoto. Wanasimama katikati ya ngazi za umeme, wameshikana mikono kama wanaovuka mto. Mzee mmoja alivua ndala zake chini na kuziacha hapo, akapanda peku. Heshima kwa chuma kipya. Nilimpelekea ndala juu, akanibariki.

Bwana Hendarto, mkuu wetu, ametangaza: waelekezi tuko kumi na wawili, mkataba wa kudumu ni mmoja. Jumamosi wageni kutoka ofisi ya jiji watatembelea stesheni yetu. Ambaye abiria wa eneo lake watakuwa na adabu kuliko wote, huyo atakuwa mkuu wa kitengo cha adabu za abiria. Kitengo kizima! (Nimeuliza. Ni mtu mmoja na meza.)

Ninautaka mkataba huo kiasi kwamba usiku nasaga meno. Nina shahada ya mipango ya usafiri. Niliandika tasnifu ya kurasa mia moja na themanini kuhusu foleni.

Mpinzani ni mmoja tu: Larasati, anayesimamia jukwaa la juu. Amesoma Osaka miaka miwili. Kila sentensi yake hupitia Osaka kabla ya kutufikia. Leo kaniuliza wazazi wangu wanafanya kazi gani. Nikasema mama yumo katika shughuli za chakula. Akauliza, hoteli? Nikatabasamu. Tabasamu si uongo. Nimelifikiria sana jambo hili, si uongo.

Mama anauza wali wa nazi barabara ya Fatmawati, chini kabisa ya nguzo za treni. Walipochimba, akasogeza meza. Waliposimamisha nguzo, akasogeza tena. Vumbi lilipozidi, akaweka chakula ndani ya kabati la kioo. Miaka sita. Na kila mteja anaambiwa kwamba siku treni itakapotembea, binti yake Odah ndiye atakayempandisha mama.

Odah ni mimi. Niliahidi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepata wazo. Limekuja nikiwa naoga, limekamilika kama yai.

Abiria wa kweli hawafundishiki kwa siku mbili. Lakini abiria hufuata abiria. (Tasnifu, sura ya nne.) Weka kundi moja la watu wenye nidhamu katikati ya ukumbi, na wengine wote wataiga. Nami ninalo kundi: ukoo mzima wa mama. Nimewaandikisha kumi na tisa kwenye mtandao, Jumamosi, treni ya saa tano asubuhi. Mama anapanda treni, mimi napata mkataba. Ahadi na kazi kwa tendo moja!

Sharti moja dogo. Wasinijue.

Nililisema hili jikoni, nikiwa nimewapa mgongo, nikisuuza glasi ambayo ilikuwa safi. Nikaeleza kuwa ni kanuni ya kazi, upendeleo hauruhusiwi. Hakuna kanuni kama hiyo.  Kisha mama akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kiasi cha chumvi, sasa huko aniite nani.

Nikamwambia, dada ofisa.

Akalirudia mara mbili ili alizoee.

Ijumaa, 15 Machi

Mazoezi. Nimechora mistari ya chaki mbele ya mlango wa choo, wakajifunza kusubiri pembeni mpaka anayetoka atoke. Ngazi za msikiti zimekuwa ngazi za umeme. Mjomba Sanip, ambaye huendesha kibasi na hajawahi kumpisha mtu tangu azaliwe, amesimama kushoto kama mwanajeshi. Shangazi Mumun amelalamika kwamba kulia kuna upepo zaidi. Nimemnyamazisha.

Mama alikuwa bora kuliko wote. Alinipita mara tatu bila kunitazama usoni. Nilimpongeza. Sipati usingizi.

Jumamosi, 16 Machi

Nitaandika kwa utaratibu. 

Saa nne kamili waliingia. Foleni moja, kumi na tisa, kimya. Na wote wamevaa sare ya harusi ya binamu Rodiah: batiki ya zambarau yenye ndege wa rangi ya chungwa, ndege wakubwa kama kuku. Sikuwaambia wavae nini. Wangevaa nini kingine? Ni safari ya ukoo.

Watu waligeuka kuwatazama. Vizuri, nikawaza. Sura ya nne.

Treni yao ilikuwa saa tano. Walifika mapema, kama nilivyoagiza. Nusu saa walisimama bila kosa. Kisha Shangazi Mumun akatazama sakafu mpya, pana, inayong'aa, baridi kwa kiyoyozi. Nikaona macho yake. Nikaelewa, nikachelewa.

Mkeka ukafunguliwa.

Nilikuwa nimewafundisha kila kitu: foleni, ngazi, milango, sauti. Sikusema habari ya chakula. Na mtu wa kwetu haendi mahali na ukoo wake bila chakula. Bustani ya wanyama tunakula, ufukweni tunakula, hospitalini tunakwenda kumwona mgonjwa na tunakula. Wali wa nazi ukatoka kwenye majani ya mgomba. Mayai. Pilipili ya kusaga. Kerupuk, vile vipande vikavu vya kukaanga, zinavunjika mdomoni kwa kishindo kinachorudi kutoka kwenye dari. Na Shangazi Mumun, Mungu amsamehe, alileta jengkol, zile mbegu zinazonuka. Harufu ya jengkol haiondoki mahali, huhamia.

Lazima niwe mkweli: walikaa kwa mpangilio. Mstari mmoja, kushoto, wameacha kulia pawe njia.

Nilisimama hatua kumi nikiwakonyeza. Mjomba Sanip alinikonyeza pia, kwa furaha, kwamba kila kitu kinakwenda vizuri.

Na watu wakaiga! Familia ya pili ikaona wenye sare wanakula, ikadhani ni sehemu ya sherehe, ikafungua mkeka. Kisha ya tatu. Mtu akatandika magazeti. Mtoto akalazwa kwenye kitambaa cha sarong. Robo saa baadaye ukumbi wangu ulikuwa kama bustani ya wanyama siku ya pili ya Idi. Mwanamke mmoja aliniuliza kwa adabu maji ya kunawa yako wapi.

Ndipo Bwana Hendarto akashuka ngazi na wageni. Nyuma yao, Larasati.

Hakupiga kelele. Aliwatazama ndege wa rangi ya chungwa, mmoja baada ya mwingine, akaniuliza: "Hawa ni watu wa nani?"

Nilisema: "Siwajui, bosi."

Lilitoka haraka. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi.

Nikachukua kipaza sauti. Nikasoma kanuni, kula na kunywa ni marufuku ndani ya eneo la stesheni, tafadhali elekeeni mlango wa kutokea. Sauti yangu ilikuwa nzuri. Mama aliinuka wa kwanza. Hakubisha. Akaukunja mkeka, akapiga magoti, akaokota punje za wali moja moja, akafuta sakafu kwa pindo la ushungi wake mpaka ikang'aa. Familia nyingine zikaanza kufuta pia.

Kisha akanijia, kifurushi mkononi.

"Samahani, dada ofisa, hatukujua." Na chini zaidi: "Umekula lakini? Toka asubuhi umesimama."

Nikasema siruhusiwi.

Hapo Larasati akatazama kifua changu. Kitambulisho changu kinaning'inia ndani ya kifuko alichonishonea mama, kwa masalia ya kitambaa cha harusi. Zambarau. Nusu ndege. Nimekivaa wiki nzima. Sikukifikiria hata kidogo.

Mmoja wa wageni naye akakiona, akatazama mstari wa batiki, akacheka na kusema sare imetosha hadi kwa wafanyakazi.

 Mama ndiye aliyejibu.

"Hiki kitambaa, baba? Kimejaa tele soko la Tanah Abang. Siku hizi kila mtu anacho."

Kisha nikawaonyesha mlango kwa mkono ulionyooka, na ukoo wangu ukatoka kwa foleni, ukisimama kushoto.

Treni yao ya saa tano iliondoka saa tano. Niliisikia juu ya kichwa changu.

Jumapili, 17 Machi

Kuna aliyetupiga picha jana, nayo imesambaa mtandaoni. Nchi nzima inaiona: mimi mkono umenyooka, mama na mkeka begani. Wanawaita Familia ya Mkeka. Wanasema watu kama hawa hawastahili vitu vizuri. Mmoja kaandika kwamba ofisa yule mwanamke ndiye anayetupa matumaini. Maneno yake yamependwa na watu elfu arobaini.

Nilibonyeza "napenda" pia. Kisha nikaondoa. Kisha nikaogopa kwamba kuondoa kunaonekana.

Nimekaa kwenye chumba changu cha kupanga, sijaenda nyumbani. Mama hakupiga simu. Shangazi Mumun ametuma ujumbe kwamba katika picha ametokea mwembamba.

Jumatano, 20 Machi

Leo Larasati kaja zamu ya mchana akaweka kifurushi mbele yangu. Jani la mgomba, limefungwa kwa njiti, ncha mbili zimekunjwa ndani. Duniani mtu mmoja tu hukunja hivyo.

Anasema alikula Fatmawati asubuhi, wali mtamu kuliko wote aliokula tangu arudi. Mwenye meza ameibandika ile picha kwenye kioo cha kabati. Wateja wote wanaitazama na hakuna anayecheka, anasema, jambo la ajabu. Mwenye meza akasikia anafanya kazi stesheni, akasema: mpelekee dada ofisa, usiseme umetoka wapi.

Larasati akaongeza, bila Osaka, kwamba mama yake mwenyewe huuza ndizi za kukaanga kwao, mji wa Tegal, na kwamba hakumwambia mkuu chochote wala hatamwambia.

Nikamshukuru kwa baridi. Ni mbinu. Anangoja nikiri, kisha anipeleke kwa Bwana Hendarto. Mimi si mjinga.

Nimekula wali wote chooni, nimesimama. Wateja wale wa Fatmawati wananijua tangu nina meno ya utoto.

Ijumaa, 22 Machi

Mkataba ni wangu.

Bwana Hendarto alisimama mbele ya wote akasema eneo langu ndilo lililovurugika vibaya kuliko yote, lakini tatizo hutokea popote, cha kutazama ni anayelitatua. "Hakumwonea mtu haya," alisema. Picha itawekwa kwenye bango la mafunzo. Uso wa yule mama utafifishwa, kwa heshima.

Walipiga makofi. Larasati alipiga pia, muda mrefu kuliko wengine. Mbinu.

Nikashukuru. Nikatoka nje, nikatapika kidogo nyuma ya nguzo. Labda jengkol bado iko hewani.

Siku ya ufunguzi, keshokutwa, kila mfanyakazi wa kudumu atakuja na mzazi mmoja, behewa la kwanza, pamoja na wageni. Nimeamua. Nitamshika mama mkono mbele yao wote na kusema: huyu ni mama yangu. Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu kwenye ukurasa huu, nikaifuta mbili kwa sababu mwandiko haukuwa mzuri.

Jumamosi, 23 Machi

Nimekwenda nyumbani. Nilikuwa na hotuba ya kuomba radhi, kurasa mbili, yenye utangulizi.

Mama alikuwa anakuna nazi. Nikafungua karatasi. Hakuningoja. Akasema nilifanya kazi yangu na wao walifanya kosa lao, mambo yamekwisha, nikae. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Mle ndani viti vikoje?"

Nikasema vya plastiki. Vya bluu.

"Vigumu?"

"Vigumu, mama."

"Basi nitabeba mto."

Nililia mpaka machicha ya nazi yakanikaa usoni. Akanipangusa, akaleta zawadi: kifuko kipya cha kitambulisho, cha kijivu, kitambaa cha ofisini kabisa. Ili kisiniletee taabu, alisema. Hakuna mtu amewahi kunipenda hivi. Nimejifunza. Naandika kwa herufi kubwa: NIMEJIFUNZA. Sitamkana mama yangu tena.

Halafu, nikiwa nakunywa chai, nikafikiri kidogo.

Bwana Hendarto anamjua kwa sura. Wageni wanamjua. Bango linatundikwa kesho hiyohiyo. Nikimtambulisha, itaonekana nilidanganya, nao wataaibika kwa kunipa mkataba. Itakuwa ukatili kwao. Kwa hiyo mama atapanda behewa la sita, pamoja na umma, na mto wake. Mimi nitakuwa la kwanza. Ni treni moja. Hilo ndilo la msingi, tutasafiri pamoja.

Nafasi ya mzazi haiwezi kubaki wazi, majina yameshaombwa. Nimemfikiria Bi Endang, jirani, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye miwani na sauti ya chini. Niliona haya kumwomba. Mama akaenda mwenyewe. Amerudi akasema Bi Endang amekubali, ila nihakikishe amekula kwanza, ana vidonda vya tumbo.

Sasa niko chumbani. Nimekijaribu kifuko mbele ya kioo. Kizuri mno. Nikakifungua ili niingize kitambulisho, nikaona ndani mama ameweka bitana. Zambarau. Ndege mzima, kichwa na mkia, amemweka katikati kwa uangalifu, upande unaogusa moyo.

Nikakivaa, nikainama mbele ya kioo.

Ukiinama, kichwa cha ndege kinachungulia. Asubuhi ninunue gundi, nikibandike kisionekane.