Zamu Zibaki!

Alhamisi, 3 Oktoba

Siku nyeusi. Watengenezaji wa Falme za Chumvi wametangaza sehemu ya nane ya mchezo wao wa kompyuta, na katika sehemu ya nane hakuna zamu. Hakuna! Majeshi yote yatatembea kwa wakati mmoja, kama kuku waliofunguliwa banda.

Miaka ishirini na mitano nacheza sehemu ya tatu na Irek Pyza. Kila Alhamisi, kwangu, kompyuta moja, kiti kimoja. Akicheza yeye, mimi nakwenda jikoni. Nikicheza mimi, jikoni anakwenda yeye. Mtu hachungulii hatua za mwenzake. Ndivyo tulivyolelewa.

Leo Irek kaingia anang'aa. Eti sehemu ya nane imemvutia. Eti ulimwengu unakwenda mbele. Nikamwita msaliti. Akasema, "Bogu, bwana, miguu yangu imechoka na jikoni kwako." Akachukua koti, akaondoka, na ilikuwa zamu yake! Joka langu limeachwa katikati ya daraja.

Ijumaa, 4 Oktoba

Kampuni imeandikia vyama vyote vya wapenzi wa mchezo: kila chama kitume kura moja. Zamu zibaki, au ziondoke. Sisi wa mji wa Radomsko tunapiga kura Jumapili ya wiki ijayo, kwenye ukumbi wa bustani za mboga tulizokodi kando ya mji.

Nimehesabu watu. Wanachama kumi na wanane. Wa zamu tisa, wa sehemu ya nane tisa. Tukifungana hatutumi chochote, na Radomsko itanyamaza katika saa kubwa kuliko zote za historia. Huko bustanini hali ni mbaya. Watu hawaazimani tena matoroli. Cezary, wa upande wa pili, amehamishia lundo lake la mboji kwenye uzio wangu. Anasema ni bahati tu. Bahati inanuka hivyo?

Anatakiwa mwanachama wa kumi na tisa. Nani?

Jumapili, 6 Oktoba

Mama mkwe!

Nilimwona mezani anamega mkate na wazo likanishukia. Mama Wiesława, miaka sabini na minne, anaishi nasi tangu paa lake lilipoanza kuvuja. Haogopi mtu. Sheria ya chama inataka mgeni amalize ramani moja tu ya sehemu ya tatu, basi.

Mke wangu Bożena akasema nimwache mama yake apumzike. Nikamwambia mchezo unanoa akili ya wazee, daktari kasema. Daktari yupi? Nikajifanya nakohoa. Mama mwenyewe akauliza atapata nini. Nikasema heshima. Akauliza, na kingine? Nimeahidi kumpeleka makaburini kila Jumamosi mpaka Sikukuu ya Watakatifu Wote, pamoja na maua, ndoo na brashi zake zote za kusugulia makaburi. Amekubali. Nimemnunua kwa bei ya kutupa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mafunzo. Mungu nipe subira.

Mama hataki kushambulia ufalme wa jirani. Anauliza, "Kwani kakufanya nini huyu?" Nikamweleza ana machimbo ya chumvi na sisi tunayataka. Akasema na yeye anataka meno mapya, lakini havamii mtu. Tukavuka hilo. Mashujaa wake wote kawapa majina ya dada zake. Halina akiumia, mchezo unasimama mpaka Halina aombewe.

Jikoni hataki kwenda. Yaani mtu mzima, nyumbani kwa mwanawe, asimamishwe jikoni kama aliyevunja sahani? Ikabidi niende mimi, kwa zamu zangu na kwa zamu zake.

Usiku wa giza? Hapana, saa kumi jioni, kweupe kabisa, Halina akateka mji wangu mkuu.

Jumatano, 9 Oktoba

Asubuhi: Mama kamaliza ramani! Nimemwandikisha. Kumi kwa tisa! Nimembusu mkono. Nimembusu na Bożena, akashtuka.

Jioni: Nimekwisha.

Nimerudi kazini nikasikia vicheko tangu ngazini. Irek! Sebuleni kwangu! Kaja na keki ya jibini, kaja na kompyuta mbili, kaja na toleo la majaribio la sehemu ya nane. Yeye na Mama, kila mmoja na yake, wanapigana kwa wakati mmoja, wanapiga kelele kama watu wa harusini. Nikasema kwa upole kwamba jambo hili ni aibu kwa ukoo mzima. Mama hakuinua hata macho.

"Mkwe wangu, mimi zamani zile za uhaba nimepanga foleni ya nyama. Nimepanga foleni ya viatu, na ya karatasi za chooni. Nimeandikwa kwenye orodha, nikaitwa jina, nikarudi asubuhi nikaitwa tena. Ujana wangu wote umeishia foleni. Leo hata kwenye mchezo nisubiri zamu? Toka hapo, unanizibia mwanga."

Nikatoka kwenye mwanga. Sasa ni tisa kwa kumi, na aliyeleta huyo wa kumi ni mimi.

Keki ilikuwa imekwisha pia.

Alhamisi, 10 Oktoba

Irek hakuja.

Hata mwaka ule alipokatwa kidole tumbo tulicheza kwa simu, na muuguzi akamtoa koridoni kila ilipofika zamu yangu. Leo hakuja. Niliwasha kompyuta. Joka bado lipo darajani. Nikaenda jikoni kwa mazoea, nikasimama pale karibu na jiko, nikasubiri kuitwa. Nani aniite? Niliumia, nakiri. Sina rafiki mwingine. Nina majirani, nina Cezary na mboji yake.

Halafu nikajirudi. Akiona zamu zimeshinda, atarudi mwenyewe. Ataenda wapi? Kwa hiyo lazima nishinde. Kwa ajili yake!

Na jikoni ndiko akili yangu hufanya kazi. Nimeshapata.

Jumapili, 13 Oktoba

Niandike kwa utaratibu.

Utaratibu wa kura: mitungi miwili mikubwa ya kuchachushia matango, mezani ukumbini. Mmoja umebandikwa karatasi ZAMU, mwingine PAMOJA. Kila mtu ana harage moja. Anaingia peke yake. Wengine wote jikoni, nyuso ukutani, kama ilivyo desturi yetu. Mama alishika orodha. Nani kamweka? Hakuna, kajiweka. Aliita majina, akarudia kuita, akamfokea Cezary kwa kusogea. Watu kumi na tisa tulipanga foleni iliyonyooka, na yeye peke yake alikuwa na raha.

Nilipanga niwe wa mwisho. Nikaingia. Nikatia harage langu ZAMU, kwa moyo safi. Kisha nikabandua karatasi zote mbili nikazibadilisha. Rahisi! Tisa kwa kumi inageuka kumi kwa tisa. Kila harage limebaki lilipotiwa na mwenyewe.

Ningeweza kuchungulia mitungini kwanza nihesabu. Sikuchungulia. Mtu hachungulii hatua za wenzake. Huo ni uhuni, na mimi si mhuni. Kubadilisha karatasi ni jambo jingine kabisa.

Mama akamwaga maharage mezani, akahesabu kwa sauti, mara mbili. ZAMU, tisa. PAMOJA, kumi.

Nikasema haiwezekani. Mama akahesabu mara ya tatu, ananitazama.

Nikakaa chini. Nikapiga hesabu kwa vidole. Kama mtungi wa ZAMU wa mwanzo ulikuwa na kumi, basi kuna mtu wa upande wao aliyetupigia sisi. Yaani tulikuwa tumeshinda! Tulikuwa tumeshinda, nikaingia mimi, nikatuangusha. Na siwezi kumwambia mtu! Nani mjinga huyo aliyebadili kura bila kuniarifu? Watu hawana nidhamu siku hizi.

Matokeo yametumwa. Cezary aliimba.

Jumanne, 15 Oktoba

Sili. Nimekula maandazi ya viazi kumi na manne tu. Bożena anauliza nina nini. Nimesema msiba. Akauliza nani kafa. Nikasema zamu. Akaenda zake kufua.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kengele ya mlango, saa kumi na moja kamili. Irek! Mkononi chupa ya samaki wa heringi wa mama yake, kwenye mafuta na vitunguu. Kasimama mlangoni kama aliyekuja kuposa.

Akasema amesamehe lile neno la usaliti. Akasema kitu kingine ambacho nakiandika kama kilivyotoka.

"Bogu, ndugu yangu, kura yangu niliwapa nyie. Nimecheza ile ya nane na mama mkwe wako wiki nzima. Tamu, sikatai. Lakini kule hakuna jikoni. Hakuna kula, hakuna kupiga soga, hakuna kutoka ukamkuta mwenzako kakukatia mkate. Nikaona nikimpoteza Bogu nitacheza na nani? Sasa angalia, nimejitoa kafara, na bado mmeshindwa. Samahani, bwana."

Machozi yalinitoka. Nilimkumbatia. Ikawa inanijia kinywani, karatasi, mitungi, yote nimwambie. Nilifungua mdomo kabisa.

Nikamwambia pana mtu kafanya hila.

Irek akapauka. Nani anaweza kufanya kitu kama hicho, miongoni mwetu? Nikasema nami nashangaa. Nikasema nitafuatilia mpaka mwisho, kwa jina la urafiki wetu. Akanishika bega. Kisha akaketi kwenye kiti, joka langu mbele yake, na mimi nikaja jikoni, kama zamani. Nina furaha isiyo kifani. Heringi ni nzuri mno.

Naiandikia kampuni sasa hivi, hapa hapa juu ya friji. Naomba kura ifutwe kwa sababu kuna mkono uliobadilisha karatasi. Barua ya namna hii inahitaji mshukiwa. Wakubwa hawasomi barua isiyo na jina. Mama hawezekani, ndiye anayepika. Cezary angefaa, ila akijua, mboji yake itaruka uzio wangu. Amebaki mtu aliyeisifu sehemu ya nane mji mzima ukasikia, na aliyezunguka na kompyuta mbili akiwarubuni wazee kwa keki. Hataumia. Hatajua hata kidogo, na zamu zikirudi tutafurahi wote wawili.

Irek anaita kutoka sebuleni, zamu yangu imefika. Nimemjibu asubiri kidogo, namkatia mkate. Kwenye barua nimebakiza kuandika anwani yake.