Jinsi Nilivyofundisha Umoja Peke Yangu

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Siku kubwa! Muzee Doyen, mkuu wa kitivo chetu, ametuita ofisini, mimi na Domitille. Mimi ni Barthélemy, assistant wa fizikia, mutu wa akili nyingi na kiti kibovu. Domitille ni assistant wa fizikia pia, mutu wa kucheka na kila mutu, hata na zamu, mlinzi wa getini. Cheo cha Chef de Travaux, ngazi iliyo juu ya assistant, kilichobaki ni kimoja. Sisi ni wawili. Hesabu hiyo hata mutoto wa chekechea anaiweza.

Doyen anasema kampuni zinalalamika. Wanafizikia wetu wanajua kukokotoa kasi ya jiwe linaloanguka, lakini hawajui kumwambia mutu aliye chini asogee. Kwa hiyo mwaka wa pili wana somo jipya: mawasiliano na kazi ya pamoja. Nusu ya wanafunzi kwangu, nusu kwa Domitille. Jumamosi kila upande utaangusha mayai kutoka ghorofani hadi uani, juu ya yale mawe yetu meusi ya volkano, kila yai ndani ya kifaa walichobuni wao. Upande utakaofanya vizuri zaidi, mwalimu wake atapata cheo. Kisha Doyen akaeleza kwa kirefu ni nini hasa atakachopima. Sikusikiliza. Nilikuwa nawaza mlango wangu mpya, wenye jina langu.

Domitille akapendekeza tuandae masomo pamoja. Eti pamoja! Nimekataa. Kazi ya pamoja nitaifundisha mwenyewe.

Jumanne, tarehe 14 Mei

Somo la kwanza. Nimehutubia asubuhi nzima juu ya umuhimu wa kusikiliza. Hakuna aliyesikiliza. Kijana mmoja akanyoosha mkono, ana wazo. Nikamwambia asinikatize, niko katikati ya sura ya mazungumzo.

Halafu Nasiba. Ndiye wa kwanza darasani, kichwa cha moto. Akatueleza msuguano huku ametupa mgongo, anaongea na ubao kwa sauti ya mbu. Nikamwambia hapana, mama, watu wanataka kuona uso na ubao kwa wakati mmoja. Akafikiri sana. Akaugeuza ubao, akaenda kusimama nyuma yake. Hatukuona uso, hatukuona ubao. Wenzake wakaandika tu.

Jumatano, tarehe 15 Mei

Leo vitendo. Nikaamuru vijana watano watoe benchi nje, wajipange wenyewe. Kila mmoja akashika pembe yake, akavuta kwake. Benchi likakwama mlangoni. Nikadhani wataona aibu. Wapi! Walifurahi. Jumla ya nguvu ni sifuri, wakasema, wakaanza kuchora mishale ukutani ili wathibitishe. Mimi nilikuwa ndani. Nimetokea dirishani, na suruali imechanika mahali pasipotajwa.

Nje nikaangukia kwa wanafunzi wa Domitille. Mmoja amefungwa kitambaa machoni, anasukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa mawe. Mwenzake anamwongoza kwa maneno tu: kushoto, polepole, shimo hilo! Wanacheka, wanasikilizana. Inaudhi! Domitille akaniuliza kwa upole kama nahitaji msaada. Ule upole wake! Nikamwambia dirisha ni sehemu ya somo.

Wangu hawataongea hata kiama. Lakini ngoja. Yai lisipomwagika, nani atauliza kama waliongea? Na yai lililochemshwa litamwaga nini? Barthélemy, wewe ni mutu hatari.

Alhamisi, tarehe 16 Mei

Nimemwita Abdoul nyuma ya tangi la maji. Abdoul ndiye CP, kiongozi wa wanafunzi wote wa mwaka wa pili. Kijana wa mtaa wa Majengo, baba yake dereva wa malori, na yeye sauti yake ni ya kushindana na lori. Nikamnong'oneza: mayai ya upande wetu yachemshwe. Siri. Akaitika kwa heshima, akaniita Papa Assistant, akaondoka mbio.

Ole wangu! Nimesahau kitu kimoja. Hapa kwetu neno ambalo mwalimu amemwambia CP ni neno la wanafunzi wote. Ndiyo kazi yake. CP akificha neno, wanamtoa siku hiyo hiyo. Na mimi mwenyewe nilikuwa CP enzi zangu, nikitangaza hadi mafua ya profesa!

Abdoul ameingia ukumbini. Wamejaa wote, wangu na wa Domitille. Akapiga makofi. Tangazo kutoka kwa Assistant Barthélemy: mayai ya upande wetu ya Jumamosi yachemshwe. Akarudia kwa Kifaransa, kama desturi inavyotaka. Kisha akaongeza kwamba hiyo ni siri, na kama kuna mwenye swali aulize.

Walikuwepo wenye maswali. Mmoja alitaka kujua kama yachemshwe kwa chumvi.

Ijumaa, tarehe 17 Mei

Sina amani. Domitille anajua, lazima. Wanafunzi wake wanamwambia kila kitu, ndio ugonjwa aliowaambukiza. Asubuhi amenisalimia vizuri mno. Akimdokeza Doyen, Doyen atavunja yai moja mbele ya watu, na mimi nimekwisha.

Jeanine, mke wangu, ametoa ushauri wa ajabu. Eti niwaite wanafunzi, niwaambie nimebadili mawazo, mayai yawe mabichi. Kuongea nao! Nimemwambia mambo ya mawasiliano awaachie wataalamu. Amerudi kwenye sufuria yake ya sombe.

Mpango wangu ni safi kuliko wake. Kesho mapema naingia maabara, mayai yanakohifadhiwa, kabla ya mutu yeyote. Natoa yaliyochemshwa, naweka mabichi. Basi! Nimekwisha kununua mabichi kwa Mama Nyiransengimana sokoni, ya kahawia, makubwa, mazuri.

Jioni nimewakuta wanafunzi wangu wamekaa duara chini ya ngazi. Nasiba yuko katikati, anaongea. Nasiba! Wengine wanatikisa vichwa. Waliponiona wakanyamaza wote kwa mara moja. Nikapita. Bila shaka ni mambo ya msuguano.

Jumamosi, tarehe 18 Mei

Aibu. Aibu ya mwaka! Ngoja niandike kwa utaratibu.

Mapema nimebadilisha mayai, sawa kabisa. Yale niliyoyatoa nikayatia mfukoni mwa koti, pamoja na kikaratasi cha chumvi na pilipili. Mayai ya kuchemsha hayatupwi, ni dhambi.

Watu wakakusanyika uani. Doyen katika suti yake ya sherehe, ile ya rangi ya maziwa. Upande wa Domitille ukaanza, wakafanya vizuri, kama nilivyoogopa. Kisha wangu. Nikafumba macho.

Nikasikia sauti kubwa kutoka ghorofani, nikafumbua. Nasiba! Ametazama watu, anapaza sauti: Papa Doyen na ninyi wote, sogeeni nyuma, yai linakuja! Watu wakasogea. Yai likashuka ndani ya sponji na majani ya migomba, likapona. La pili likavunjika, ute juu ya mawe. Nikaona ndio mwisho wangu. Lakini kijana mmoja akaeleza kwa nini limevunjika, mwenzake akamsahihisha, na yule wa kwanza akamshukuru. Akamshukuru! Hao ndio wa benchi!

Doyen akapiga makofi hadi miwani ikamshuka. Akasema ndicho hasa alichotuambia Jumatatu: yai si kitu, yeye anapima wanavyoambiana na kusaidiana. Alituambia?

Akanijia, akanishika mkono mbele ya kila mutu, akauliza nimewafanyaje vijana hawa. Nikauona mlango wangu. Nikaliona jina. Hata Domitille alikuwa anapiga makofi, na kwa moyo, si kwa unafiki. Furaha ikanipanda kichwani. Ningempa nini muzee huyu? Nikatoa yai mfukoni, chumvi na pilipili juu yake, nikamkaribisha. Chuo kizima kinajua anavyopenda mayai ya kuchemsha. Chuo kizima kinajua pia anavyoyapasua: kwenye upara wake, pa! Anasema hivyo ndivyo walivyofanya ujanani.

Pa!

Bichi. Bichi kabisa! Likashuka kwenye paji la uso, kwenye miwani, kwenye suti ya rangi ya maziwa.

Doyen akauliza, polepole sana, kwa nini assistant wake anatembea na yai bichi na pilipili. Nikafungua mdomo. Ikatoka hotuba juu ya faida za pilipili. Mwalimu wa mawasiliano!

Hapo Nasiba akasogea kunisaidia. Naapa, alitaka kunisaidia. Akawageukia watu, akaeleza yote toka mwanzo. Abdoul alivyotangaza. Wao walivyoona haya. Walivyokaa Ijumaa chini ya ngazi wakakubaliana kuweka mayai mabichi, meupe, wapate au wakose kwa haki. Asubuhi wakakuta meupe yamekuwa ya kahawia, na sasa moja jeupe limetoka mfukoni mwangu. Kwa hiyo Assistant ametoa mabichi, akaweka mabichi. Sauti safi, hatua kwa hatua. Hata Mama Emerance wa kantini alielewa, akacheka mpaka akakaa chini.

Doyen, huku anajifuta, akampa Nasiba ishirini juu ya ishirini. Cheo akampa Domitille.

Jumapili, tarehe 19 Mei

Pentekoste. Padri amehubiri jinsi watu wa lugha nyingi walivyoelewana siku moja. Sehemu iliyobaki sikuisikia, nilikuwa natafakari.

Nimepata jibu. Kosa ni rangi ya mayai. Mama Nyiransengimana angeniuzia meupe, leo ningekuwa na mlango.

Baada ya misa Domitille amekuja nyumbani na mkungu wa ndizi. Hakunicheka. Ameniomba tufundishe somo hilo pamoja mwaka ujao, yeye na mimi, maana eti wanafunzi wangu ndio waliojifunza zaidi. Ule upole wake! Jeanine akanikanyaga mguu chini ya meza, nikakubali. Wasichojua ni kwamba nimekubali kwa sababu yangu. Nina mpango. Mpango mkubwa, usio na yai hata moja. Jeanine ameuliza nacheka nini, nimemjibu sicheki. Safari hii hakuna kiumbe atakayejua kitu mpaka siku yenyewe. Hata hapa siandiki.

Nimempigia simu Abdoul tu.