Jeni Moja, Asilimia Mia

Jumatatu, 3 Machi

Profesa ametangaza. Nafasi ya kudumu hapa maabara ni moja, na tunaoitaka ni wawili: mimi na mwenzangu tunayemwita Miwani. Miaka sita nimekaa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na huu wa sasa unaisha mwisho wa mwezi. Naogopa, basi.

Mtihani wenyewe: kati ya jeni elfu ishirini za binadamu, kila mmoja wetu achague chache ambazo kompyuta ikizipima kwenye damu itajua nani ana baridi yabisi na nani hana. Mwenye jeni chache na makosa machache ndiye mshindi. Miwani amezunguka hospitali nane kutafuta sampuli. Hospitali nane! Mtu huyu hana ndugu?

Jumanne, 4 Machi

Mimi ninao. Shangazi ni muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake, na saa nne asubuhi nilishapata damu ya wagonjwa arobaini, wote wameridhia. Damu ya wasio wagonjwa nimeipata kwa shemeji, kocha wa timu mbili za maveterani wa mpira. Wanaume arobaini, wenye afya kunishinda. Kazi imekwisha kabla ya chakula cha mchana!

Mke wangu anafundisha biolojia, kwa hiyo hawezi kumwacha mtu afurahi. Kaniuliza kwa nini wagonjwa wangu wote ni wanawake. Nikamjibu damu ni damu. Akasema hata maumbile, yakichagua jeni ya kubaki, huchukua vizazi na vizazi, na mimi nimetumia asubuhi moja. Nikamwambia maumbile hayana shangazi wodini.

Alhamisi, 13 Machi

Jeni moja! Kompyuta imechambua zote elfu ishirini na kuniletea moja tu. Inawaka kwa wagonjwa wote, imelala kwa wazima wote. Asilimia mia! Nimeizunguka meza mara tatu.

Nikapita nyuma ya Miwani nikijifanya natafuta stepla. Ana jeni arobaini na tatu, na bado anakosea kwa mtu mmoja kati ya watano. Maskini. Akanigeukia, akasema kwa upole kwamba nikitaka anaweza kuijaribu jeni yangu kwenye sampuli zake za hospitali nane. Anataka kuniibia, huyo! Nikamshukuru, nikafunika skrini kwa koti.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemuuliza Katibu kama ofisi ya mtu wa kudumu ina dirisha. Akasema ina dirisha, na mwenyewe bado hajateuliwa. Wivu.

Wazo langu la leo nimelipenda mno: tusiongee kwa makaratasi. Watu wote wa maabara watoe damu, jeni yangu iwapime, matokeo yasomwe hadharani. Profesa akauliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema nina hakika kama ninavyolijua jina langu. Kila mtu ametoa.

Alhamisi, 20 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilisimama ukumbini na tai mpya. Nikasoma. Mimi: mzima. Miwani: mzima. Profesa: mgonjwa. Minong'ono. Katibu: mgonjwa. Mama wa Usafi: mgonjwa, naye amesimama pale na ndoo mbili zimejaa maji, ananiangalia kama nimemtukana mama yake. Nikalegeza tai. Nikaja kwa Babu Mlinzi: mzima kabisa!

Babu Mlinzi ana baridi yabisi mwaka wa kumi na tano huu. Vidole vimepinda, ngazi tatu za mlangoni anazipanda kwa awamu. Alifurahi sana. Akaniuliza, mjukuu wangu, dawa nizitupe leo au nizimalize kwanza zilizobaki?

Profesa akaomba karatasi yangu. Akaisoma polepole. Akasema jeni hii anaifahamu: kwa wanawake hufanya kazi, kwa wanaume imelala, mtu awe mgonjwa au asiwe. Kwa hiyo, akasema akijionyesha yeye, Katibu na Mama wa Usafi, wanawake watatu wa maabara, nimetumia watu themanini na mashine nzima kugundua namna ya kumtofautisha mwanamke na mwanamume. Yeye siku zote hutumia macho.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Miwani peke yake hakucheka, na hilo ndilo limeniuma zaidi.

Jumatatu, 24 Machi

Nafasi kapewa Miwani. Nililia kidogo chooni, nikanawa uso, nikaenda kumpa mkono. Yeye mwenyewe kaniombea miezi mitatu zaidi, chini yake. Ugonjwa mpya, kisukari. Nikiharibu tena, hakuna wa kuniombea.

Mke wangu hakusema alinionya. Alisubiri hadi nimalize chai, ndipo akasema.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimebadilika. Kosa nimelielewa, nimelikiri, halirudi. Safari hii nimepanga kwa haki: wagonjwa ishirini wanawake, ishirini wanaume. Wote nimewapata kwa siku moja katika makao ya wazee anayosimamia mama mdogo. Aliye kijana kuliko wote ana miaka sabini na minane. Wasio wagonjwa vilevile, ishirini kwa ishirini, kutoka chuo cha michezo anakofundisha binamu yangu, mwaka wa kwanza, wanaruka viunzi kutwa nzima.

Miwani akauliza habari za umri. Nikamweleza, kwa heshima maana sasa ni bosi, kwamba umri si jeni. Akafumba macho kidogo. Amechoka, nadhani, cheo kina mambo yake.

Leo saa tisa kompyuta imemaliza. Jeni moja! Asilimia mia! Nimeshampelekea Profesa ujumbe kwamba aite watu wote ukumbini Jumatatu, na mara hii waalikwe na wageni.