Kama Alivyosema Mwenzetu

Jumatatu, 4 Machi

Nimeitwa chuo cha biashara. Si kuingia, kujadiliana kwanza. Ijumaa tutakaa wanne meza moja, tupewe mada, watahini wawili watutazame. Atakayefaa ataingia. Mwaka huu ndio wa mwisho kwa sisi tulioacha shule njiani.

Meza yenyewe anaifuta mama. Miaka kumi na moja sasa, kabla wasomi hawajaamka. Nimemuuliza kiti kipi kinampendeza mtu. Akasema yeye huvifuta tu, habari za kukaa nikawaulize wanaokaa.

Jumanne, 5 Machi

Mimi ndiye mtoa nakala katika duka la vifaa vya ofisi. Chuo kinataka nakala za vyeti, mashine mtaani ni moja, kwa hiyo wapinzani wananijia kwa miguu yao. Leo nimewapata wote watatu wa meza yangu: fundi simu, bwana mmoja wa tai ndefu, na dada niliyempa jina Miwani. Miwani kaniuliza nimejiandaaje. Nikamjibu mimi ndiye maandalizi yenyewe. Akasema basi tuombeane.

Jumatano, 6 Machi

Mwalimu mstaafu, mteja wetu, kanipa siri: kwenye mjadala, anayetaja hoja za wenzake hupata alama. Nimetafakari mpaka karatasi ikakwama kwenye mashine. Kama anayetaja anapata alama, anayetajwa je? Huyo si ndiye mwenye mali?

Nimepatana na wale watatu. Nakala bure, na wao kila wakifungua kinywa waanze na "kama alivyosema mwenzetu", wakinionyesha mimi. Fundi simu akauliza nitakuwa nimesema nini. Nikamwambia hayo ni madogo.

Ijumaa, 8 Machi

Mada: muuza mikate kafunguliwa duka la mpinzani mkabala, afanye nini?

Miwani akaanza. Kama alivyosema mwenzetu, bei isiguswe, mkate uboreshwe. Sikuwa nimekohoa hata. Fundi simu akafuata: kama alivyosema mwenzetu huyo huyo, bei ishuke leo leo. Bwana Tai akanishukuru kwa kuona pande zote mbili.

Watahini wakanigeukia. Mmoja akauliza nasimama wapi. Nikasema naunga mkono hoja zangu zote. Akasema zinapingana, nichague moja. Nikasema mzazi hachagui mtoto. Muda ukaisha.

Nimetajwa mara saba. Hakuna aliyenikaribia.

Jumatatu, 11 Machi

Wamepita watatu. Miwani, fundi simu, Tai.

Mama aliyaona majina ubaoni akifagia alfajiri. Alisoma kutoka juu kwenda chini, akarudia kutoka chini kwenda juu, akidhani labda langu limejibanza mahali. Kaniambia hayo akiwa amesimama mlangoni, ndoo bado mkononi. Kisha akauliza, taratibu, kama kweli sikusema chochote. Nikamweleza habari ya mara saba. Akasema kutajwa si kusema, mwanangu. Hata marehemu hutajwa.

Nikampokea ndoo. Nadra kwangu.

Mchana mwenye duka kagundua karatasi zilikokwenda. Kazi nayo imekwisha.

Jumatano, 13 Machi

Mama kaniombea kazi kwa msimamizi wa usafi wa chuo. Kajiweka dhamana yeye mwenyewe: nikiharibu, aibu ni yake. Kesho waombaji watano tutaitwa pamoja, kila mmoja aeleze kazi atakavyoifanya. Kaniusia jambo moja tu, niseme kwa kinywa changu. Nimeapa.

Sasa ananipigia shati pasi, kola kwanza, anavyopenda yeye. Sijamwambia kwamba nimeshawazungukia wale waombaji wanne. Wamekubali. Nimewaahidi kuwa mama atawapangia vyumba visivyo na vumbi.

Kosa la safari ile nimeliona. Mara saba zilikuwa chache.