Pasaka, Chaja na Samaki Walioganda

Jumamosi, 16 Machi

Gari limefika! Jeupe, la umeme, limebonyea mahali pamoja tu, tena upande ambao majirani hawapiti. Nimelinunua kwa bwana mmoja wa mji wa Drammen aliyekuwa na haraka kubwa ya kuuza. Sikumwuliza haraka ya nini. Chaja ya ukutani nimeshainunua pia. Sanduku lake liko hapa ukumbini, bado limevaa plastiki. Kila nikipita nalipapasa.

Synne kapiga simu asubuhi. Binti yangu wa pekee. Anakuja Jumatano ya wiki ya Pasaka, yeye na Eilert. Eilert ana miezi mitano na mimi babu yake sijamshika hata kidole. Nikamwambia nitawapokea stesheni kwa gari langu mwenyewe, niwapandishe moja kwa moja kwenye kibanda chetu cha mlimani. Kisha akanikumbusha kwamba mwaka juzi nilimwahidi mashua, ikazama ikiwa imefungwa palepale gatini. Mwaka jana nilimwahidi sauna ya mvuke, ikaungua. Akasema safari hii hataki kubahatisha na mtoto mchanga. Nisipokuwa na gari lililojaa chaji, atapanda basi aende kwa mama yake. Huko mume mpya, Preben, ana chaja mbili.

Mbili! Mtu mmoja ana chaja mbili za nini?

Nikashuka kwa Gudveig, ghorofa ya chini. Ndiye mwenyekiti wa ushirika wa nyumba yetu, tena ndiye fundi umeme mwenye leseni, yaani ukimkosa huyo umekosa vyote. Nikamwomba anifungie chaja kabla ya Pasaka. Akasema kamati inakaa baada ya Pasaka. Akasema lazima uchimbwe mtaro wa kebo, na ardhi bado imeganda kama jiwe. Halafu akauliza mgongo wangu unaendeleaje. Nikasema taabani, asante. Akasema pole, ndiyo maana sikuonekana kwenye msaragambo wa majirani wa kufagia majani, wala ule wa kupaka rangi uzio, ingawa jioni ya siku ya uzio aliniona nikipandisha televisheni ngazini peke yangu.

Macho gani haya, jamani.

Haidhuru. Akili ninayo, na muda ninao.

Jumatatu, 18 Machi

Balaa. Nimelipeleka gari kituo cha mafuta kwenye chaja ya kasi. Nikachomeka. Taa nyekundu. Nikachomeka tena kwa upole. Nyekundu. Mhudumu akatoka, akachungulia, akasema tundu la chaji ya kasi limekufa siku nyingi. Gari hili litachajiwa polepole tu, nyumbani. Nikampigia bwana wa Drammen. Simu haipatikani. Sasa najua haraka ilikuwa ya nini.

Chaja ya polepole ya umma ipo moja tu mjini, pale bwawa la kuogelea, na kuna bwana mwenye gari la mizigo ambaye ni kama amehamia pale. Leo nimemkuta ndani ya gari anamenya chungwa, ametundika taulo kwenye kioo. Nikamsalimia. Akapandisha kioo.

Chaji imebaki asilimia kumi na tisa. Mlimani hatufiki hata robo ya njia.

Lakini nilipokuwa naegesha nikaziona! Nguzo fupi za umeme mbele ya kila nafasi ya maegesho. Zimekuwapo tangu enzi za magari ya petroli, za kupashia injini wakati wa baridi. Nimepita mbele yake miaka yote hii na akili yangu haijazitilia maanani. Nikachukua waya wa dharura wa kuchajia kwenye buti ya gari, nikachomeka. Taa ya kijani!

Kamati ikae ikitaka. Mimi nachaji.

Jumatano, 20 Machi

Jana asubuhi baridi ilikuwa kali na gari lilikuwa linameza umeme vizuri kabisa. Leo jua limetoka, matone yanadondoka paani, nguzo imekufa.

Nikamwuliza Halvdan wa ghorofa ya pili, mzee mstaafu anayejua kila kitu isipokuwa wakati wa kunyamaza. Akacheka sana. Akasema nguzo zile zinaongozwa na kipimajoto kilicho kwenye kijisanduku ukuta wa kaskazini, nyuma ya banda la baiskeli. Mpaka baridi izidi vya kutosha ndipo zinapata umeme. Kukiwa na joto injini haihitaji kupashwa, umeme wa nini? Akaongeza kwa furaha kwamba utabiri ni jua tupu mpaka Pasaka iishe.

Nchi nzima inashangilia. Redioni wanasoma hali ya hewa kama wanatangaza harusi. Ni mimi peke yangu niliyesimama dirishani naomba baridi.

Alhamisi, 21 Machi

Nimepata!

Kipimajoto hakijui ni majira gani. Kinajua tu kinachokigusa. Nikatoa kwenye friza pakiti ya minofu ya samaki, nikaizungushia skafu ya sufu, nikaifunga kwenye kile kijisanduku. Nikaenda maegeshoni, natembea kama mtu asiye na haraka. Kijani!

Watu wanapewa tuzo kwa mambo madogo kuliko haya.

Jioni Gudveig alikuwa amesimama mlangoni anashangaa. Ngazi ya nje imekauka kabisa na theluji kando ya njia inayeyuka. Kumbe nyaya za joto zilizozikwa chini ya njia, kuanzia mlangoni kufuata ukuta mpaka maegeshoni, zinafuata kipimajoto hichohicho. Akasema ajabu, hazikupaswa kuwaka. Nikasema ni masika. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Ijumaa, 22 Machi

Tatizo dogo: paka. Bolla, paka wa Gudveig, ameketi chini ya kijisanduku tangu alfajiri kama anasubiri ibada ianze. Nikabadilisha samaki nikaweka njegere. Njegere ziliyeyuka kabla sijamaliza kahawa. Nikarudisha samaki. Bolla akarudi na mwenzake.

Asilimia ishirini na nane. Nikampigia Synne, nikamwambia mambo yanakwenda kisayansi. Akauliza kisayansi vipi. Nikasema hii ni siri ya kiufundi. Akapumua kwa nguvu, akasema ratiba ya basi anayo. Nyuma yake nilimsikia Eilert anapiga kelele za furaha peke yake. Nilibaki nimeshika simu hata baada ya kukatika.

Jumapili ya Matawi, 24 Machi

Nimekwisha.

Leo saa mbili usiku ilikuwa sehemu ya mwisho ya tamthilia ya upelelezi ya Pasaka. Nyumba nzima iko mbele ya televisheni. Majiko yote yanaoka nyama ya kondoo. Nyaya za joto zinawaka njia nzima. Gari langu linavuta. Mpelelezi amewakusanya wote sebuleni, ameinua kidole, anasema muuaji ni mmoja wenu, naye ni...

Giza.

Kisha kutoka ghorofa ya pili nikamsikia Halvdan akiuliza kwa sauti ya mtu aliyefiwa: "Nani? Ni nani?"

Fyuzi kuu. Gudveig akatoka na tochi. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nikamwona anakwenda kwenye sanduku la fyuzi, anasimama, anamwangalia paka wake akipita mbio kuelekea kaskazini. Akamfuata.

Hapo ndipo nilipoikumbuka skafu. Buluu, yenye paa wekundu. Niliishinda kwenye bahati nasibu ya sherehe za sikukuu ya taifa, tarehe kumi na saba Mei. Zawadi ilitolewa na Gudveig. Kaifuma yeye mwenyewe.

Jumatatu, 25 Machi

Gudveig aligonga saa tatu. Mkono mmoja skafu, mkono mwingine mfuko wa samaki waliolegea. Akaviweka juu ya sanduku la chaja yangu, akaketi bila kukaribishwa. Akasema nguzo zote amezizima mpaka msimu ujao. Akataka maelezo.

Nikaanza na utafiti wa tabianchi. Akanitazama. Nikahamia kwa paka, kwamba nilikuwa namhurumia. Akazidi kunitazama. Basi visingizio vikaniishia. Nikasema ukweli: Synne anakuja keshokutwa, sijamshika mjukuu wangu, na nisipokuwa na gari lenye chaji atapanda basi kwenda kwa watu wenye chaja mbili, na hataniamini tena, na ana haki. Nikajifanya nakohoa.

Gudveig akakunja skafu vizuri, taratibu.

"Kwa nini hukuniomba, Oddvar?"

Nikasema nilimwomba, Jumamosi ile.

"Uliomba chaja. Hukusema una mjukuu."

Yeye akainuka, akasema kesho saa kumi alasiri kuna msaragambo. Kamati itapiga kura imesimama na masepeto mkononi. Mimi nilete wafo, zile keki bapa, za kutosha watu wote, na mgongo wangu niulete pia.

Jumanne, 26 Machi

Walikuja! Sikutegemea. Watu ambao kesho wanakwenda milimani, mizigo yao bado haijafungwa, wamesimama na makoti ya kazi na masepeto. Kura ilipigwa kwa kuinua mikono. Halvdan peke yake aliweka sharti: atakubali, lakini mtu amwambie muuaji ni nani. Hakuna aliyejua. Akainua mkono hivyohivyo, kwa huzuni.

Tukachimba mtaro kutoka sanduku la fyuzi mpaka nafasi yangu ya maegesho. Na hapa naomba iandikwe wazi: ardhi ililainika! Kila mahali pengine ni jiwe, lakini kando ya njia, pale nyaya za joto zilipowaka siku nne, sepeto lilizama kama kwenye siagi. Nilisimama nikawaeleza wote kwamba hii ni kazi ya samaki wangu. Gudveig akasema nisimame kidogo na nichimbe zaidi.

Nikachimba. Mgongo sasa unauma kweli, na hakuna anayeniamini.

Wafo za kwanza ziling'ang'ania kwenye mashine, zikatoka vipandevipande. Watu walizila vivyo hivyo, kwa jamu na jibini ya kahawia, wamekaa juu ya ndoo zilizogeuzwa. Gudveig akalaza kebo, akafunga chaja ukutani, akapima, akapima tena. Halafu akanipa mimi kichomekeo.

Kijani. Sio ile kijani ya wizi ya nguzo. Kijani tulivu. Watu wakapiga makofi na mimi nikajikuta namkumbatia Halvdan, ambaye alinuka samadi, sijui ya wapi. Niliingia ndani, na kila baada ya muda nikarudi dirishani kuitazama taa.

Jumatano, 27 Machi

Asilimia mia!

Treni ikaingia. Synne akashuka na mabegi na kigari cha mtoto, uso wa mtu aliyejiandaa kupanda basi. Akaliona gari. Akafungua mlango wa dereva kabla ya kunisalimia, akainama, akasoma namba ya chaji kwenye skrini.

"Baba," akasema. "Limejaa."

Nikasema ndiyo, mwanangu, ulitegemea nini? Akacheka, kisha machozi yakamtoka, akanikumbatia, na katikati yetu akawekwa Eilert. Mzito! Ana kidevu changu, maskini. Akaikamata ile skafu ya buluu, Gudveig kanirudishia, akaitia yote mdomoni.

Tukapanda mlima jua limetandaa juu ya theluji. Joto la gari niliweka juu kabisa kwa ajili ya mtoto. Synne aliimba nyimbo za mama yake na mimi sikukasirika hata kidogo. Njiani tukayapita magari yamepanga foleni kwenye chaja za kasi, mojawapo, naapa, likiwa la Preben. Nikapunguza mwendo. Nikapunga mkono. Preben pia akapunga, mtu mzuri kwa kweli, ingawa sitamwambia.

Usiku Synne aliketi barazani na blanketi, akasema Eilert atakapokuja wakati wa kiangazi nitamfundisha kuvua. Akasema "atakapokuja", si "kama atakuja". Nimeandika hapa nisije nikasahau.

Alhamisi, 28 Machi

Asubuhi nilikwenda garini kuchukua machungwa. Nikatupa jicho kwenye namba. Asilimia tisa.

Mlima. Joto la juu kabisa. Na kibanda chetu hakina umeme, kina kijibamba cha sola kinachowasha taa moja ya jikoni. Nilihangaika na safari ya kuja mpaka nikasahau kwamba kuna safari ya kurudi.

Nikamwambia Synne mwenyewe, bila utafiti wala sayansi. Alicheka mpaka Eilert naye akaanza kucheka. Akasema chini pale barabarani kuna nyumba ya wageni, watu wazuri, nishuke nikawaombe tu. Dakika moja. Nikasema bila shaka. Nimejifunza, nikamwambia. Kuomba ndiyo njia.

Nikavaa ski, nikateleza juu ya theluji mpaka chini. Nyumba ya wageni ipo. Mbele yake maegesho, na maegeshoni nguzo fupi, zile za kupashia injini, zimepangwa mstari mzuri. Mama mwenye nyumba alikuwa dirishani anaosha vyombo, akanipungia mkono. Nikampungia. Nilikuwa njiani kuelekea mlangoni, nasema kweli, nilipopita upande wa kaskazini nikaona ukutani kijisanduku kidogo cha kijivu.

Sikugonga. Nimerudi kibandani kufikiri kidogo. Skafu ninayo. Samaki wawili wa Halvdan, zawadi ya Pasaka, wamezikwa kwenye theluji nyuma ya choo, wameganda kama mbao.

Na huku juu hakuna paka.