Chanjo ya Maharagi ya Muheto

Jumatatu, 6 Oktoba 2008. Muheto.
Nimepata njia ya kumwondoa Valentin. Yeye ni monita, yaani mwelekezi wa kilimo, wa shamba la wakimbizi hapa. Cheo hicho kilinifaa mimi, mwalimu wa biolojia toka Walikale. Ugonjwa umeingia kwenye maharagi: majani yana mabaka, yamejikunja. Valentin anasema tung'oe, tuchome. Mawazo ya jembe! Mimi nina fotokopi ya kozi. Virusi vikiingia kwenye jani, mmea hukatakata ujumbe wa kijeni wa virusi hivyo. Vile vipande, yaani RNA ndogo, husafiri hadi majani mengine na kunyamazisha kila ujumbe unaofanana. Hata jeni zake wenyewe mmea huzinyamazisha hivyo. Kwa hiyo, chanjo: nikiipa mimea mizima virusi kidogo, itajifunza kuvinyamazisha.

Jumanne, 7 Oktoba.
Nimetwanga majani yenye ugonjwa, nikachuja maji. Valentin kanionya mbele ya watu: chanjo hiyo hutaka virusi dhaifu, vile vikali vina protini ya kuzikamata hizo RNA ndogo, mmea ukabaki bila kinga. Nikamjibu ana wivu. Kweli, ukurasa huo niliuruka. Ulikuwa mrefu. Akina mama wote wamekataa, isipokuwa Mama Emérita, mjane mwenye watoto watatu. Kasema mtu aliyesoma hawezi kudanganya wenye njaa. Nimesugua majani ya mistari yake yote sita, kwa mchanga kidogo, ili maji yaingie vizuri.

Ijumaa, 17 Oktoba.
Mabaka. Mistari yote sita. Nimemweleza Mama Emérita kwamba mimea bado inajifunza.

Alhamisi, 23 Oktoba.
Mimea imedumaa, maua yameanguka. Valentin amekuja kuing'oa ili mistari ya majirani ipone. Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Mama Emérita aliokota shina moja, akaniuliza polepole: "Mwalimu, maharagi yangu ilikuwa muzima. Sasa batoto batakula nini?"
Nikasema kosa ni la mbegu.

Jumatatu, 27 Oktoba. Njiani.
Bunduki tangu asubuhi. Muheto yote imekimbia. Mashamba tumeyaacha, yenye afya na yenye ugonjwa, na askari wamepita katikati yake. Naandika hapa tu: nilipoona hivyo, nilipumua. Nani atajua tena lipi lilikufa kwa mkono wangu? Valentin alirudi kuchukua mbegu za akina mama. Tumemngoja mpaka jioni. Hakufika.

Jumatano, 29 Oktoba. Kirotshe.
Watu wamejaa hata barazani mwa kanisa. Valentin bado. Mzee mmoja wa parokia kauliza kama kuna anayejua magonjwa ya viazi vitamu; wana shamba, majani yamekunjamana. Nimeinua mkono kabla hajamaliza. Ameandika jina langu: monita.
Mama Emérita alikuwa nyuma yangu kwenye foleni ya uji. Alibeba mtoto wake mdogo, akahamia foleni nyingine, iliyo ndefu zaidi. Sikumwita. Nilikuwa tayari natafuta majani yenye mabaka, na kitu cha kutwangia.